Radhi Kabla ya Arabuni

"Siendi."

"Utakwenda."

"Nshakwambia siendi, na usinivute mkono, nna unga."

"Basi osha mikono, vaa baibui, twende. Pale pale tu, hata wimbo mmoja redioni haumaliziki. Unaingia, unasema samahani bibi, tulikosea, khalas, tunatoka."

"Tulikosea? Tulikosea nani? Nliosema mimi."

"Ndiyo ukaseme wewe!"

"Ntasema. Lakini si leo."

"Leo ndiyo siku! Yule mtu wa Sur anakuja alasiri na arabuni mfukoni, malipo ya kwanza ya nyumba. Bibi akishapokea arabuni ya watu, kesho utamwomba radhi ya nini?"

"Ya maneno yangu. Kwani kesho yatakuwa yamefutika?"

Hapo nikapiga friji teke. Friji yenyewe si yetu, ya mwenye nyumba, na Mama akanitazama kama aliyekwishaanza kufikiria tutamwambiaje kuhusu lile bonde. Akarudi kwenye kinu chake cha umeme, akakiwasha, kikavuma, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya jiko kama mtungi mtupu.

Mitungi ndiyo kazi yangu. Nauza gesi. Nina lori dogo, nazunguka Ghubra yote, hapa Maskat, kutoka upande wa baharini mpaka barabara kuu, nagonga mtungi kwa spana, watu wanajua Ghaith kapita. Skuli niliacha mapema, sikuipenda na yenyewe haikunipenda. Dada yangu Khawla ndiye aliyesoma, yuko benki Qurum, ana meza yake na kiti kinachozunguka. Mkopo wa nyumba kautafuta yeye, kwa jina lake na langu, na kila karatasi iliyotaka sahihi yangu alinisomea kwanza kama mtu anamsomea mtoto hadithi. Sijali. Nilitia sahihi zote.

Tulikuwa tunatafuta nyumba ya kununua kwa sababu hii tunayokaa mwenyewe anaitaka. Mwanawe anaoa. Kaja kwa adabu, kakaa, kanywa kahawa, kasema kabla ya joto kushika angependa tuwe tushahama. Tangu nina akili zangu sisi tunahama. Baba alikufa mimi mdogo, na kila nyumba tuliyokaa baada ya hapo ilikuwa na mtu anayekuja kwa adabu.

Na Mama anapika. Anauza mikate ya ufuta, vileja, sambusa, nusu ya harusi za Waswahili wa hapa zinakula mkono wake. Mkate wa ufuta unataka moto wa makaa. Unaubandika kwenye chuma, upande mmoja ukishika unaupindua chuma chote uso kwa uso na makaa mpaka ufuta unageuka rangi. Mwenye nyumba hataki makaa. Hataki moshi ukutani kwake. Basi Mama anapikia gesi, ndani, na kila mkate ukitoka anautazama anasema, "Hili andazi limevaa ufuta." Watu wanaramba vidole, yeye hauli.

Sasa, msimu huu. Idi ikishapita, kabla jua halijawa kali, Maskat nzima inahama. Mtu anatia picha za nyumba watsapu asubuhi, adhuhuri unapiga simu unaambiwa imekwenda. Tumekwenda kuona nyumba tukapishana mlangoni na watu wanaotoka, wanatuangalia viatu. Moja ilinunuliwa sisi tuko kwenye ngazi zake, dalali anaongea na simu, anatuashiria kwa mkono tushuke. Khawla akasema tutazame Yiti, kule mbali pwani, bei zina huruma. Mama akamwambia, "Yiti mkate nikamuuzie nani, samaki?"

Ndipo nikaona kibao cha kuuza kwenye nyumba ninayoijua.

Niliijua kwa nyuma. Muuza gesi anajua nyumba za watu kwa nyuma, kwa mbele anapita tu. Ile ina uchochoro, na uchochoroni kuna mlango wa chuma, na ukifunguliwa unaona jiko la nje, la kujengwa kweli, si banda la mabati. Lina paa lake, bomba la moshi, meza ya mawe ukuta mpaka ukuta, mfereji wa maji, na dirisha dogo linalotazama uchochoro. Mitungi nilikuwa namkabidhi mtumishi. Kila nikiuweka chini nasema moyoni, wallahi hapa Mama angekufa.

Tukaenda kuiona, sisi watatu. Aliyetupokea ni Saeed, shemeji wa mwenye nyumba, mtu wa Nizwa, mpole, anasema Kiarabu cha kule kwao. Katupitisha vyumba, katupitisha juu, Khawla anauliza maswali ya benki. Mwenye nyumba mwenyewe tulimkuta uani, mama mtu mzima, nguo zake nyeusi tii, kakaa kiti cha plastiki mlangoni pa lile jiko. Tukamsalimia kwa Kiarabu, akaitikia kwa Kiarabu. Tukapita.

Mama alipoingia jikoni akatulia. Akapitisha kiganja juu ya ile meza ya mawe, polepole, mwisho mpaka mwisho. Akachungulia bomba la moshi. Akafungua mfereji, akaufunga. Halafu akafanya uso wa mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha, akasema kwa Kiswahili:

"Nuneni. Mtu asioneshe kama kaipenda."

Sisi nyumbani tuna mchezo huu. Dukani, hospitali, popote mbele ya mtu tusiyemjua, tukitaka kusema letu tunaingia Kiswahili. Ujinga mtupu, maana Maskat hii ukirusha jiwe linampata mtu ambaye bibi yake kazaliwa Unguja au Pemba au Tabora. Mara ngapi tumemsema mtu foleni nzima, zamu yetu ikifika anatuuliza, "Na nyinyi wa wapi vile, Malindi?" Tunacheka, tunaulizana ukoo, yanaisha. Na kesho tunarudia. Nadhani hata hatufanyi kwa siri. Tunafanya kwa raha.

Basi tukanuna. Khawla akamwambia Saeed kwa Kiarabu kwamba ameona ufa juu. Mimi nikamwambia Mama kwa Kiswahili, "Ntajifanya tunaondoka, wewe shika mlango kama umekasirika, atashuka bei huyu." Mama akacheka na pumzi, akasema:

"Na mwenye nyumba naye, uso ule! Kakaa pale kama kafiwa jana."

Tulicheka. Mimi nilicheka kwa sauti.

Yule mama akainuka kwenye kiti chake. Hakuinuka kwa hasira, aliinuka kama mtu mwenye magoti mabaya, akishika ukuta.

"Haikuwa jana," akasema. "Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Nimetoka eda hii wiki iliyopita." Akaigusa fremu ya mlango. "Hiyo jiko alinijengea yeye."

Kiswahili cha Bujumbura, kile ambacho nyumbani huwa tunakicheka. Hakucheka mtu. Akaingia ndani, mlango ukafungwa taratibu, hata haukulia. Saeed, ambaye Kiswahili hajui hata karibu, akatuangalia mmoja mmoja akauliza, "Kheri?" Tukaaga, tukatoka.

Tulipofika nyumbani, kabla hajashuka garini, Mama akasema tu, "Mie, Kheiria, nikasema neno lile. Mie niliokaa eda na watoto wawili." Akashuka.

Hiyo ilikuwa juzi. Asubuhi hii Saeed kaniandikia, maana namba nilimwachia mimi: kuna mtu wa Sur kaiona nyumba, kaipenda, anakuja leo alasiri kutoa arabuni, kama bado tunaitaka tuseme. Mtu mwema, angeweza asiandike. Nikaacha mitungi, nikaja nyumbani mbio. Nikiamini Mama atavaa viatu tu.

Kinu kikazimwa. Mama akautoa unga, akaanza kuutia mafuta.

"Kaa," akaniambia.

"Sikai."

"Basi simama, lakini sikiliza. Nikenda leo, nnamwomba radhi au nnamwomba nyumba?"

"Vyote! Kuna ubaya gani?"

"Atajuaje kipi kimenitoa kwangu? Mie mwenyewe ntajuaje?"

"Mama, kwani lazima ajue? Unasema samahani, ni samahani."

Akafuta mkono kwenye kanga, akaketi yeye.

"Nlipokaa eda ya baba'ko alikuja mtu kunipa pole. Simtaji jina, unamjua. Akakaa mlangoni, akalia, akalia kweli, kamasi zikamtoka. Akamsifu baba'ko mpaka na mimi nikaanza upya. Akanywa kahawa. Anavaa makubadhi, anageuka, ananambia, 'Ile gari ya marehemu mtaiuza?'"

"Sasa?"

"Sasa mpaka leo nikimwona sikumbuki alivyolia. Nnakumbuka gari."

"Wewe si yeye."

"Leo alasiri kuna arabuni, na mimi asubuhi nipo mlangoni kwake na uso wa huruma. Ntakuwa nani, kama si yeye?" Akainuka. "Auze. Akishauza kwa huyo mtu wa Sur, siku ya pili yake ntakwenda, ntamshika miguu. Hapo atajua nimefuata nini."

"Na sisi tutakaa wapi, kwenye lori?"

"Usinipigie kelele, Ghaith."

Mimi maneno kama hayo nayaelewa, si kwamba siyaelewi. Lakini nilikuwa naiona ile meza ya mawe. Naiona na kiganja chake juu yake. Na niliona mtu anatupa kitu hicho kwa sababu ya hesabu ya moyoni ambayo hakuna mtu mwingine duniani anaihesabu. Nikamwona mkaidi. Nikamwona ana kiburi, tena kiburi cha aina mbaya, kinachojiita adabu.

Mezani kulikuwa na mikate ya oda, imefunikwa kitambaa. Mama alipokwenda chumbani kusali dhuha nikachukua miwili, nikaifunga, nikatoka.

Mwenye ile nyumba alifungua mlango mwenyewe. Jina lake Masouda, Saeed ndiye aliyenambia. Nilipomwambia, "Asalaam aleikum, khalti, mimi mtoto wa yule mama wa juzi," akanitazama muda, halafu akasema, "Wewe ndiye wa gesi."

"Ndiyo."

"Pita."

Sebuleni makochi yote yalikuwa yamekwishafunikwa mashuka, kama nyumba inayosubiri gari la kuhamisha. Anakwenda kwa binti yake, kule Suhar. Akaniletea kahawa na tende, mtu tuliyemcheka, akanimiminia na kusubiri ninywe. Nikaweka ile mikate mbele yake.

"Mama kanituma," nikasema. "Anakuomba radhi."

"Mwenyewe iko wapi?"

Hapo ndipo ungeweza kusema mtu amesimama kwenye njia panda. Sikusimama hata kidogo. Ulimi wangu ulikwishapita.

"Anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Presha."

"Toka lini?"

"Toka siku ile. Halali. Ana aibu."

Akaweka kikombe chake chini. Uso wake ulibadilika, na wallahi nilifurahi, niliona inafanya kazi.

"Kwa sababu yangu mimi?"

"Hapana, khalti, kwa sababu yake mwenyewe. Yeye pia mjane. Anasema amesema neno ambalo yeye, kuliko watu wote, hakufaa kulisema."

Hili la mwisho lilikuwa kweli, na labda ndiyo sababu lilitoka vizuri kuliko mengine. Masouda akamega mkate. Akatafuna polepole, anatazama dirishani kule liliko jiko.

"Ufuta ni mzuri," akasema. "Lakini hii haikupikwa kwa makaa."

"Tunapokaa hawataki moshi."

Akatikisa kichwa. Akamega tena. Halafu akasema, "Nitamwambia Saeed huyo mtu wa Sur angojee kwanza." Na nilipokuwa navaa viatu akaniuliza tunakaa wapi, nikamwambia, nyuma ya msikiti, geti la kijani, lile lenye mkunazi. Nilidhani anazungumza tu.

Nilirudi kazini nagonga mitungi kama ngoma ya harusi. Nikampigia Khawla, nikamwambia, "Tayarisha hundi yako, tumepata nyumba." Akauliza nimefanyaje. Nikamwambia asome karatasi zake, watu aniachie mimi. Akasema, "Ghaith, umefanya nini?" Nikakata.

Adhuhuri imeshapita, naingiza lori uchochoroni kwetu, naona gari nyeupe imesimama mbele ya geti la kijani. Mlango wa dereva umefunguliwa. Masouda anashuka, kashika chupa ya chai mkono mmoja, na mkono wa pili kikapu kimefunikwa kitambaa.

Kuja kumtazama mgonjwa.

Mimi ni Mswahili wa Maskat, nimezaliwa humu. Najua kwamba ukisema Ghubra kwamba fulani anaumwa, kabla ya magharibi nyumba imejaa supu. Binamu yangu alivunjika kidole cha mguu tu, watu walikuja kutoka Ibri, kule mbali. Huulizi, huarifu, unakwenda. Mjane, mgonjwa, mzazi, unakwenda. Yule mama kalazimishwa na kila alichofundishwa tangu Bujumbura kwamba akisikia mtu kalala kwa presha, na kwa sababu yake, asikae kwake. Kila mtu angejua. Mimi nilikuwa nafikiria nyumba.

Nikaruka ukuta wa nyuma. Nikaingia jikoni.

"Mama, kalale!"

"Eh?"

"Kalale! Nenda chumbani, jifunike shuka, usiseme kitu!"

"Nani anaumwa?"

"Wewe!"

Akanitazama. Mikono yote unga mpaka kwenye viwiko, mtandio umeangukia mabegani, jasho linamtoka, mtu mwenye afya kuliko huyo hujamwona. Kutoka getini ikasikika sauti, "Hodi! Hodi hapa!" kwa kile Kiswahili ambacho usingeweza kukikosea. Mama akaisikiliza ile sauti. Halafu akageuza macho kwenye meza, kwenye kitambaa kilichofunika mikate, akahesabu bila ya kuhesabu.

"Ulikwenda," akasema.

"Mama, tafadhali. Leo tu. Jilaze leo tu, wallahi sitokuomba kitu tena mpaka nakufa. Karibu atupe nyumba."

Hodi ya pili ikapigwa. Nakwambia kweli, aliwaza. Nilimwona anatazama lile jiko letu, kile kijidirisha kisichofunguka, ukuta ambao hatakiwi kuutia moshi. Nilidhani nimempata.

Akavuta mtandio kichwani kwa kiwiko, akatoka na unga wake.

"Karibu, bibi," akasema mlangoni. "Karibu ndani. Hamna mgonjwa hapa. Mie mzima, alhamdulillahi. Mwanangu kakudanganya."

Masouda alikuwa ameshafika ukumbini. Akamtazama Mama juu mpaka chini, akanitazama mimi nyuma yake. Kile kikapu akakiweka chini taratibu, kama kina mayai.

"Na radhi?"

"Sikumtuma. Na mikate kaiba."

"Mama!" nikasema.

"Nyamaza wewe."

"Basi mimi sielewi," akasema Masouda. "Unaumwa, hapana. Radhi, hapana. Ni nini mnataka kwangu?"

"Nnaitaka nyumba yako," Mama akasema. "Nlipoingia jikoni mwako nilitamani kulia. Tangu siku ile nnaliota. Na neno nlilolisema, nnalijutia kuliko unavyojua, maana na mimi nimekaa hapo ulipokaa, nikatazamwa. Na mambo haya mawili siwezi kukuletea siku moja. Nikikuomba radhi leo utasikia nyumba. Nlikuwa nangoja uiuze. Kwa mwengine. Halafu nije."

"Ungekuja?"

"Ningekuja."

"Ukishakosa jiko?"

"Hapo ndo ningekuja."

Masouda akasogea mpaka kwenye kiti, akakaa bila kukaribishwa. Alionekana kachoka ghafla. Alimtazama Mama, na sikuona ukali, ila alimtazama muda mrefu kupita adabu. Mimi nikawa nasema moyoni, sasa, sasa, atalainika, atasema chukueni nyumba, watu wa kweli namna hii wako wapi siku hizi. Nikawa tayari hata kulia.

Akatoa simu mkobani. Akampigia Saeed. Akamwambia kwa Kiarabu, wazi, kila mtu anasikia: yule bwana wa Sur aje. Ndiyo, leo leo, alasiri kama tulivyosema. Ndiyo, nina uhakika.

Akarudisha simu.

"Khalti," nikasema, "khalti, mimi ndiye niliyedanganya. Usimtie adabu yeye kwa kosa langu."

"Simtii adabu." Aliniambia mimi, lakini alikuwa anamtazama Mama. "Kijana, toka mwezi wa kumi na moja watu wananiletea pole. Majirani, ndugu, watu wa msikiti. Kila mmoja anakaa, anasema maskini Masouda, na macho yanapanda juu, yanatazama nyumba. Inauzwa? Bei gani? Hata wewe asubuhi. Mimi nataka mtu mmoja aje asiitazame."

Nilisikia mfereji wetu unadondoka jikoni.

"Kesho asubuhi niko nyumbani," Masouda akasema. "Bado sijahama. Utanikuta."

"Ntakuja," Mama akasema.

"Hiyo supu mkunywe. Nimepikia mgonjwa, siwezi kuirudisha."

Akainuka kwa magoti yake mabaya. Mama akataka kumshika mkono kumsaidia, akakumbuka unga, akaurudisha mkono wake, na Masouda akaushika hivyo hivyo, na unga wake, mpaka mlangoni. Gari nyeupe ikaondoka. Ilitokea uchochoroni, ikashika barabara, na nyumba ikaondoka nayo, na meza ya mawe, na dirisha dogo, na bomba la moshi.

Simu yangu ililia. Khawla. Sikuipokea.

"Umefurahi sasa?" nikamwambia Mama. Sikuwa na sauti hata ya kugomba. "Ungejilaza tu. Kitanda kipo pale."

Akafungua kikapu. Chini ya kitambaa kulikuwa na sufuria ndogo, ndimu zimekatwa, pilipili pembeni, na chupa ya asali. Akainusa supu, akaitikia kwa kichwa, kama mpishi anavyomwitikia mpishi.

"Kuku wa kienyeji," akasema.

"Mama, tutakwenda wapi? Niambie. Mwezi huu unakwisha, hakuna nyumba, kila mtu ananunua. Tutakwenda wapi? Yiti?"

"Hata Yiti."

"Mkate ukamuuzie nani, samaki?"

Nilitaka acheke au anipige, kimoja kati ya viwili. Alikuwa anatazama kiganja chake, pale ambapo unga ulikuwa umepungua, umehamia kwenye mkono wa yule mama.

"Makaa yapo kwenye lori lako?" akauliza.

"Makaa? Mimi nauza gesi."

"Kanunue. Hata gunia dogo. Ile seredani yangu ya zamani, ya makaa, ipo juu ya kabati, iteremshe."

"Mwenye nyumba hataki moshi."

"Ntapika kidogo tu, nje, na akija nitamwomba radhi na yeye. Siwezi kwenda kwa mtu na andazi."

Nikacheka, sikutaka, ilinitoka. Nikaketi kwenye kile kiti alichokaa Masouda. Kichwani bado nilikuwa naye yule mtu wa Sur, nimemwona vizuri ingawa sijawahi kumwona, anaegesha gari, anarekebisha kilemba chake kwenye kioo, anaingia kuhesabu noti juu ya meza yetu ya mawe.

"Na kesho," Mama akasema, "usipakie mitungi asubuhi. Siendi kwa watu na vyuma vinagongana nyuma yangu."

"Kwani nimesema nakupeleka?"

Akanitazama kidogo. Halafu akachukua kile kikapu kwa viwiko viwili, unga usikichafue, akageuka, akarudi zake jikoni.